Cross Road Blues ya Robert Johnson na marudio yake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Huu ni wimbo upi, na ulirekodiwa wapi?

Ni wimbo wa Robert Johnson, mwimbaji na mpiga gitaa wa Mississippi aliyezaliwa Hazlehurst mwaka 1911 na kufariki karibu na Greenwood tarehe 16 Agosti 1938. Aliurekodi tarehe 27 Novemba 1936 katika chumba namba 414 cha Gunter Hotel, San Antonio, Texas. Kampuni ilikuwa American Record Corporation, na msimamizi wa kurekodi alikuwa Don Law. Alikuwa peke yake na gitaa lake, bila besi wala ngoma. Siku hiyo alirekodi nyimbo saba, na Cross Road Blues ni mmojawapo.

Aliyemfungulia mlango alikuwa H. C. Speir, mwenye duka la vyombo vya muziki mjini Jackson. Speir alimsikiliza, akampeleka kwa wakala wa kampuni, Ernie Oertle, na huyo ndiye aliyemfikisha Texas. Johnson alirudi Texas Juni 1937, safari hii Dallas. Vikao hivyo vya miji miwili vilizaa nyimbo 29, na hakuna nyingine zilizowahi kupatikana.

Kwa nini kuna mikupuo miwili ya kurekodi, na nitajuaje ninasikiliza upi?

Kampuni ilikuwa na desturi ya kurekodi wimbo zaidi ya mara moja, ili kama bamba la nta likiharibika kiwandani kuwe na akiba. Kwa Cross Road Blues mikupuo yote miwili ilinusurika.

Mkupuo wa kwanza una urefu wa dakika 2 na sekunde 39 hivi. Huo ndio uliotoka kwenye santuri ya Vocalion namba 03519 mwaka 1937, upande wa pili ukiwa na Ramblin' on My Mind. Mkupuo wa pili ni mfupi kwa sekunde kumi hivi ingawa umepigwa taratibu zaidi, kwa sababu una ubeti mmoja pungufu. Kwa hiyo usiangalie saa, sikiliza mwisho. Ukimsikia akirudi njia panda na kutazama mashariki na magharibi, akilalamika kwamba hana mwanamke wa kumfariji, huo ni mkupuo wa kwanza. Ukiishia kwenye ubeti wa Willie Brown, ni wa pili.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa. Albamu ya Columbia ya mwaka 1961, King of the Delta Blues Singers, ambayo ndiyo iliyowafikia vijana wa Uingereza, ilibeba mkupuo wa pili, si ule wa santuri. Kwa hiyo kizazi kizima cha wapiga gitaa kilijifunza toleo ambalo mnunuzi wa 1937 hakuwahi kulisikia. Mkusanyiko kamili wa 1990 ndio ulioweka yote mawili pamoja.

Ufupi wenyewe haukuwa uamuzi wa Johnson. Santuri ya inchi 10 inayozunguka mara 78 kwa dakika hubeba dakika tatu na ushee kila upande. Kikomo hichohicho kiliwabana Siti binti Saad na wenzake walipokwenda kurekodi Bombay mwaka 1928.

Maneno yake yanahusu nini hasa?

Mtu amepiga magoti njia panda anamwomba Mungu amrehemu. Anajaribu kusimamisha gari apewe lifti. Hakuna anayemjua, kila mtu anampita. Jua linazama, giza litamkuta hapo, na hana wa kumwonea huruma. Anamtuma anayemsikia akamwambie rafiki yake Willie Brown kwamba anazama.

Sasa liweke jambo hilo Mississippi ya 1936. Mwanamume mweusi asiyejulikana, kando ya barabara ya mashambani, jioni, bila mwenyeji wala mwajiri wa kumsemea. Angeweza kukamatwa kwa uzururaji akapelekwa kufanyishwa kazi, au kukutana na watu wabaya zaidi ya polisi. Wanahistoria kadhaa wameusoma wimbo kwa mwanga huo, na sisi tunaona ndio usomaji wenye uzito kuliko wowote. Hofu iliyo ndani ya sauti haihitaji jini.

Basi shetani anaingia wapi?

Haingii. Sikiliza mkupuo wowote, hakuna neno shetani wala mapatano ya roho. Anayetajwa ni Mungu.

Hadithi ilijengwa kwa vipande. Kwanza kulikuwa na imani ya zamani ya Wamarekani weusi wa Kusini, katika uganga wao uitwao hudu, kwamba anayetaka ufundi aende njia panda usiku wa manane. (Msomaji wa Pwani hatashangaa. Kwetu pia vitu vya uganga huachwa njia panda.) Pili, kisa cha kuuza roho kilisimuliwa kumhusu mwanamuziki mwingine, Tommy Johnson, asiye na undugu na Robert, na msimulizi alikuwa kaka yake, LeDell. Tatu, mpiga gitaa Son House, aliyemfahamu Robert alipokuwa bado anapiga ovyo, alishangazwa na alivyorudi baada ya muda akiwa fundi. Mwaka 1966 mwandishi Pete Welding alichapisha maneno ya House kuhusu kuuza roho, na kutoka hapo kisa kikaota mabawa. Nne, Johnson mwenyewe alirekodi nyimbo nyingine mbili zenye shetani na mbwa wa kuzimu huko Dallas mwaka 1937, na wasikilizaji wakazishona na huu.

Maelezo ya kawaida yapo. Johnson alirudi maeneo ya Hazlehurst akajifunza kwa mpiga gitaa Ike Zimmerman. Walifanya mazoezi makaburini usiku, mahali ambapo hakuna wa kumkera.

Njia panda yenyewe ni ipi?

Wimbo hautaji mahali. Mjini Clarksdale kuna mnara wenye magitaa ya buluu kwenye makutano ya barabara za zamani za 61 na 49, na watalii hupiga picha hapo. Ni kivutio kizuri cha biashara, lakini hakina ushahidi. Wanaoutaja mji wa Rosedale nao wamepotoshwa na ubeti ambao haumo katika wimbo wa asili, kama inavyoelezwa hapa chini.

Willie Brown ni nani?

Mpiga gitaa halisi wa Delta, eneo la kaskazini-magharibi mwa Mississippi, aliyecheza na Charley Patton na Son House, na kurekodi kwa kampuni ya Paramount huko Grafton, Wisconsin, mwaka 1930. Johnson alimfahamu tangu ujana.

Je, wimbo ulivuma ulipotoka?

Hapana. Santuri ya Johnson iliyouza vizuri enzi za uhai wake ilikuwa Terraplane Blues. Cross Road Blues ilipita kimya. Mtayarishaji John Hammond alitaka Johnson apande jukwaani Carnegie Hall tarehe 23 Desemba 1938, akaambiwa amekwisha kufa. Nafasi ikaenda kwa Big Bill Broonzy, na santuri mbili za Johnson zikapigwa mbele ya hadhira. Huu haukuwamo.

Elmore James alifanya nini nao?

Mpiga gitaa huyu aliutia umeme. Mwaka 1954 alitoa Standing at the Crossroads kwa lebo ya Flair, akiwa na bendi nzima yenye saksafoni, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 akaurudia kwa mtayarishaji Bobby Robinson. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba alichukua maneno ya njia panda akayaweka juu ya ile rifu yake (kifungu kifupi cha gitaa kinachojirudia) ya chupa, yaani ya kutelezesha shingo ya chupa juu ya nyuzi, ambayo asili yake ni wimbo mwingine wa Johnson, I Believe I'll Dust My Broom. Ni wimbo mpya uliojengwa kwa matofali ya zamani. Watu wa Chicago waliupokea kwa njia hii, hawakuupata kwa santuri ya Vocalion.

Toleo la Cream, bendi ya watu watatu ya Uingereza, lilitokana na nini?

Swali hili ndilo linaloulizwa kuliko yote, na jibu linaanza miaka miwili kabla ya rekodi yenyewe.

Mwaka 1966 mtayarishaji Joe Boyd alikusanya kundi la muda jijini London kwa ajili ya albamu ya mchanganyiko ya Elektra. Kundi liliitwa Powerhouse. Eric Clapton alikuwa kwenye gitaa, Jack Bruce kwenye besi, na Steve Winwood aliimba kwa jina la kuficha. Kwa maelezo ya Boyd, yeye Boyd alipendekeza Crossroads, Clapton akachagua Traveling Riverside Blues, na mpangilio uliotoka ulichota kwa zote mbili. Hapo ndipo ubeti wa kwenda Rosedale na mpenzi ubavuni ulipoingia. Johnson aliuimba, ndiyo, lakini katika Traveling Riverside Blues ya 20 Juni 1937, wimbo ambao haukutolewa hadi ile albamu ya 1961.

Clapton akaubeba mpangilio huo hadi Cream, akauongezea kasi na kuimba mwenyewe. Rekodi tunayoijua ilifanyika jukwaani tarehe 10 Machi 1968 katika ukumbi wa Winterland, San Francisco, Ginger Baker akiwa kwenye ngoma. Ilitoka mwaka huohuo katika albamu ya santuri mbili Wheels of Fire, na Januari 1969 ikatolewa kama singo Marekani, ikafika namba 28 kwenye chati ya Billboard. Tahadhari kwa wanaoandika maelezo ya rekodi: ile santuri ya pili imeandikwa kwamba ni ya Fillmore, lakini Crossroads haikurekodiwa Fillmore.

Mabadiliko makubwa ni matatu. La kwanza ni muundo. Johnson hapimi mistari yake kwa rula, Cream wanashika vipimo 12 vya mapigo manne bila kuyumba. La pili ni maana. Ubeti wa jua kuzama na giza kumkuta mtu umetoka, ubeti wa starehe za Rosedale umeingia, tena mara mbili. Msafiri aliyekwama amegeuka msafiri anayekwenda kustarehe. La tatu ni chupa, ambayo imetupwa kabisa. Clapton anabonyeza nyuzi kwa vidole, na jibu la gitaa ambalo kwa Johnson lilikuwa mlio wa juu wa chupa limekuwa rifu nzito kwenye nyuzi za chini.

Kama muziki wa jukwaani, ni kazi ya hali ya juu. Kama usomaji wa maneno ya Johnson, umepoteza kitovu, na tunadhani ni haki kulisema hilo bila kulipunguzia toleo hili sifa zake.

Ni kweli rekodi ya Cream ilikatwa na kuunganishwa?

Uvumi upo kwa sababu wimbo una dakika nne na kidogo tu, wakati Cream walizoea kuvuta nyimbo jukwaani hadi robo saa. Mtayarishaji wa mkusanyiko wao wa 1997 alisema aliilinganisha na mkanda uliorekodiwa na mtu wa hadhira, hakukuta mkato. Clapton mwenyewe haipendi. Anaona walipotezana kwenye pigo la kwanza. Sikiliza solo ya pili, hasa besi na ngoma zinavyokataa kumsubiri mtu, utaelewa anachokilalamikia.

Nataka kuupiga kama Johnson. Nianze wapi?

Anza na kutyuni. Tyuni inayofaa ni A ya wazi. Kutoka uzi mnene hadi mwembamba ni E, A, E, A, C#, E. Kutoka tyuni ya kawaida unapandisha uzi wa nne, wa tatu na wa pili, kila mmoja kwa hatua nzima. Ubaya wake ni kwamba mvuto kwenye shingo unaongezeka, na uzi wa tatu au wa pili ukiwa mkuukuu utakatika mikononi mwako. Njia salama zaidi ni kushusha. Uzi wa sita toka E hadi D, wa tano toka A hadi G, wa kwanza toka E hadi D. Unapata D, G, D, G, B, D. Kisha bana kapo (kibanio cha nyuzi zote) kwenye freti ya pili, na uko palepale kwenye A.

Chupa ivae kidole cha mwisho, ili vidole vitatu vibaki huru kubonyeza. Kosa la kwanza la kila anayeanza ni kuweka chupa katikati ya freti kama kidole. Sauti itakuwa chini ya noti. Weka chupa juu ya chuma cha freti chenyewe, iguse uzi bila kuukandamiza, na vidole vilivyo nyuma yake vilale kidogo juu ya nyuzi kuzima milio ya ovyo. Kama chupa inagonga freti, nyuzi zako ziko chini mno au ni nyembamba mno. Seti inayoanzia 0.013 huhimili kioo, ya 0.010 hulegea hasa ukishashusha tyuni.

Mkono wa kulia: dole gumba linapiga besi kwenye nyuzi nene bila kukoma, vidole vingine vinajibu kwenye nyuzi nyembamba. Ule mlio mkali unaokatiza uimbaji unapatikana kwenye freti ya 12 ukihesabu kutoka kwenye kapo.

Ugumu wa kweli ni muda. Johnson huongeza au hukata mapigo ili mstari wa sauti umalizike na gitaa lijibu kwa nafasi yake. Ukijaribu kuhesabu hadi kumi na mbili utapotea kwenye mstari wa kwanza. Jifunze kwa kuimba: imba mstari, acha jibu la gitaa liishe lote, ndipo uanze mstari unaofuata. Kila ubeti una mistari mitatu, wa kwanza unarudiwa na wa tatu unafunga. Ukishaweza kuimba na kujibu peke yako, bado usiite mpiga besi. Hatajua utabadilisha kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) saa ngapi, na mkilazimishana kwenda pamoja mtaishia kupiga toleo la Cream bila kukusudia.

Na kama Cream?

Tyuni ya kawaida, ufunguo wa A, mwendo wa mapigo kama 130 kwa dakika. Duru moja ni vipimo 12:

A, D, A, A
D, D, A, A
E, D, A, E

Wengi hukosea kipimo cha pili. Wanabaki kwenye A vipimo vinne kwa mazoea ya bluzi za taratibu, na besi inakuwa imekwisha kwenda D. Kosa jingine ni kupiga kodi nzima mfululizo. Gitaa hapa hupiga rifu, hukaa kimya Clapton anapoimba, hurudi na rifu. Nafasi hizo tupu ndizo zinazompa mpiga besi uwanja.

Solo ya kwanza ni duru mbili, ya pili duru tatu, na kati yake ubeti wa Rosedale unarudi. Clapton anachanganya skeli ya noti tano ya A ndogo na ya A kubwa. Anayeijua ndogo peke yake atatoa sauti ya hasira mwanzo mwisho, na wimbo utachosha kabla ya duru ya tatu. Mkiwa watatu tu, msipunguze sauti ya besi wakati wa solo. Bila kodi za nyuma, besi ndiyo inayomwambia msikilizaji mko wapi.

Je, santuri za Johnson zinakwenda kasi kuliko alivyopiga?

Hoja hii hurudi kila mara, na wanaoitetea hupunguza mwendo wa rekodi kwa karibu asilimia 20. Hatuikubali. Vikao vilifanyika katika miji miwili, kwa kupishana miezi saba. Ingebidi mashine zote zikosee kwa kiasi kilekile siku zote, na wasanii wengine waliorekodiwa kwenye vikao hivyohivyo nao wasikike vibaya.

Marudio gani mengine yanafaa kusikilizwa?

Lynyrd Skynyrd waliupiga jukwaani katika albamu ya 1976, Rush wakaurekodi 2004, na wote wanafuata ramani ya Cream. John Mayer (2009) aliufupisha na kuutia mdundo wa fanki. Cyndi Lauper (2010) aliuimba akiwa na Jonny Lang. Ukitaka kupima kama mtu amerudi kwa Johnson au kwa Clapton, subiri Rosedale. Ukiusikia, amepitia kwa Clapton.

Nikiurekodi mwenyewe, nahitaji ruhusa?

Tenganisha utunzi na rekodi. Utunzi: nchini Kenya hakimiliki ya muziki hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi, kwa hiyo kwa Johnson ilikwisha mwishoni mwa 1988. Ulaya, kwa miaka 70, ilikwisha mwishoni mwa 2008. Marekani ni habari nyingine. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa, katika kesi ya nyimbo mbili nyingine za Johnson zilizorudiwa na Rolling Stones, iliamua kwamba kuuza santuri enzi hizo hakukuwa kuchapisha utunzi, hivyo nyimbo hazikuwa zimeangukia kwa umma. Ukisambaza kupitia kampuni ya Marekani, chukua leseni.

Rekodi: usikate kipande cha rekodi ya Cream ukakiweka kwenye video yako, hata sekunde chache. Mfumo wa utambuzi wa YouTube unaisoma rekodi yenyewe, haujali mtunzi alikufa lini. Kwenye jina la mtunzi andika Robert Johnson, na kama unatumia mpangilio wa Cream taja pia kwamba mpangilio ni wa Clapton.

Nimetafuta "Crossroads" nikapata wimbo tofauti kabisa. Kwa nini?

Jina ni la wengi. Crossroads ya Don McLean (1971), ya Tracy Chapman (1989) na Tha Crossroads ya Bone Thugs-N-Harmony (1996) hazina uhusiano na huu. Kwa rekodi ya asili tafuta maneno matatu, Cross Road Blues, pamoja na jina la Johnson. Ukiandika Crossroads pekee, Cream ndio watakaotangulia.